Asmini Mchangani

Bendera nyeupe ya mruko halali ilipanda, na Poongodi akajua ameruka mbali kuliko alivyowahi kuruka maishani. Visigino vyake vilikuwa vimechimba mchanga mbele kabisa ya kibendera cha umbali wa kuingilia timu ya taifa.

Lakini mwamuzi hakuinama penye visigino. Alirudi nyuma umbali wa mkono mzima, akachomeka kijiti penye kishimo kidogo. Kando yake palikuwa na ua moja jeupe la asmini.

"Msuko umegusa mchanga, dada," alisema taratibu. "Tunapima alama ya nyuma kabisa."

Tangu mbio zake za kwanza za shule, kila asubuhi ya mashindano mama yake ndiye humsuka, akambana msuko kichwani kwa pini na shada la asmini. Makocha walimwambia akate nywele. Akawa anacheka tu. Leo pini ilifyatuka akiwa angani, msuko ukaanguka. Na kwa umri wake, hapakuwa na mwaka mwingine.

Mama alishuka jukwaani mbiombio, pindo la sari mkononi. "Umeruka kama paa, mwanangu! Si nilikwambia maua yangu yana bahati?"

Poongodi alilifumbata lile ua. "Nimetua vibaya, Amma. Sikufika."

Mama alimshika bega. "Basi, mbio za mita mia bado. Geuka nikubane vizuri, ona ulivyofumuka."

Akageuka. Vidole vya mama vilishuka na msuko, vikipapasa, vikikaza, mpaka nchani. Huko mchanga ukammwagikia mama kiganjani, na vidole vikasimama.