Mgao Ndani ya Mgao

Kwa mara ya saba asubuhi ile mashine ilimkatalia Yakoub, na kwa mara ya saba Yakoub akawalaumu jamaa zake.

Hawakuwa wamekosa lolote. Walikuwa wamekaa tu ukumbini, katika nyumba ya mtaa wa Usagara, wakingoja kuambiwa nani ana fungu gani. Shangazi yake, Bi Khairiya, alikuwa mkekani, mguu wake mbovu ameunyoosha. Binamu zake, Sele na Tabia, walikaa karibu na sinia la bagia zilizofungiwa karatasi, walizonunua kwa Sabiha, jirani wa kona. Lakini Yakoub alisoma Ulaya miaka sita, hata shikamoo aliitoa macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

Nyumba ilikuwa ya Mzee Mwinyijuma. Alikufa, ikaachwa bila kugawanywa. Akafuata mwanawe Idarusi, yule aliyejinyima hadi Yakoub akapanda ndege. Kisha akafa dada yake Idarusi, mama yao Sele na Tabia. Maiti juu ya maiti, mgao ndani ya mgao. Miaka ile ya foleni za sukari hakuna aliyejali kuta zilizobanduka. Sasa, mwaka wa tisini na mbili, biashara imefunguliwa, tajiri mmoja anaitaka nyumba aifanye gesti, na kila mtu amemkumbuka babu. Yakoub alishaipangia nusu yake, fungu zima la Idarusi, mwana wa kiume pekee: duka la kompyuta, la kwanza Tanga.

Marehemu Sheikh Hatibu wa Pongwe alishaupiga mgao huo kwa kalamu, katika daftari la shule, kwa miezi mitatu. Wiki iliyopita Yakoub alilifunua kurasa mbili za mwanzo, akaona majina na mishale ya wino, akacheka.

"Hii ramli. Sheikh wenu alikuwa akibahatisha."

"Lisome lote, mwanangu," alisema Bi Khairiya. "Sheikh alikuandika vizuri. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Hakulisoma. Msomi mzima akae asome daftari la mzee aliyehesabu kwa vidole!

Programu yake ilikuwa na mistari kumi na minne tu. Kiini chake alikiita "gawa". Gawa ikikuta mrithi aliyekufa, inajiita yenyewe kazini tena, ndani kwa ndani, ili igawe fungu la maiti huyo, na kuendelea hivyo hadi wabaki walio hai. Na uzuri wa lugha ile ya kompyuta, aliwaeleza polepole, kama ampigiaye mbuzi gitaa, ni kwamba huiambii kitu ni cha aina gani. Inatazama kinavyotumika, inatambua yenyewe.

Ila haikutambua. Ilitazama mgao wa kwanza, ikaona wanaoingia ni watu wa Mwinyijuma, ikaamua kwamba gawa ni ya watu wa Mwinyijuma basi. Ilipojiita ndani na kuletewa watu wa Idarusi, ikagoma.

Adhuhuri ndipo alipoikumbuka dawa aliyofundishwa. Kitu kinachojiita chenyewe, kila mara kwa aina nyingine, mashine haiwezi kukikisia. Sharti aina yake itamkwe mwanzoni, na mtu. Akaandika tamko juu ya gawa, na kila mrithi ikabidi aingie na tamko lake: yeye ni nani kwa marehemu wake. Safari hii mashine ilikubali.

"Mnaona?" alisema, utadhani wao ndio waliokuwa wakibisha.

Ili wasije wakamsumbua baadaye, aliandika karatasi: kilichomo kwenye mashine ndicho, kisichokuwemo hakipo. Alitia saini wa kwanza, kwa mbwembwe. Sele na Tabia wakafuata, nyuso zimewaiva kwa matusi ya asubuhi nzima. Bi Khairiya akatia dole gumba. Matamko yangetoka kwake, mkubwa wa ukoo, mbele ya wote.

"Idarusi?"

"Kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Sele na Tabia?"

"Wana wa dada yangu, wa tumbo lake."

Jina lililobaki lilikuwa lake; Yakoub alianza kulijaza mwenyewe: mwana wa Idarusi.

"Ngoja," alisema Bi Khairiya. "Hapo mashine haiwezi kukisia yenyewe?"

"Shangazi, niseme mara ngapi? Haikisii! Itamkiwe ukweli, basi."

"Kwanza niletee lile daftari la Sheikh."

"Lile? Nilimpa Sabiha juzi afungie bagia. Angalau lipate kazi."

Alicheka peke yake. Bi Khairiya alimtazama kwa huruma ambayo Yakoub aliiona kuwa ni ujinga wa uzee.

"Basi andika," alisema. "Mtoto wa kulea. Kaka yangu hakuwahi kuzaa, na wa kulea harithi. Ndiyo maana alikuusia thuluthi ya mali yake, na wasia wenyewe Sheikh aliuandika mwisho wa daftari."

Yakoub aligeuka kulitazama sinia. Bagia zilikuwa zimekwisha, na Sele alikuwa akijifutia vidole kwa karatasi ya mwisho, yenye mwandiko wa Sheikh.