Nungunungu na Maua ya Maboga

Nungunungu alilima maboga, na aliamini kila kilichozaa shambani kilitoka mikononi mwake. Asubuhi moja, maua yakiwa wazi, alijitwika bomba la dawa ya wadudu mgongoni.

"Ngoja jioni, jirani," Nyuki alimwomba. "Saa hizo maua yamefumba, nasi tuko nyumbani."

"Shamba langu, saa yangu," alijibu, akapulizia.

Nyuki walidondoka kama makapi. Waliosalia wakahama.

Maua yaliendelea kuchanua, shamba zima njano tupu, lakini hakuna hata moja lililozaa boga. Kobe wa shamba la pili akamwambia, "Unga wa ua dume hauwezi kujipeleka kwa ua jike. Sasa upeleke wewe."

Nungunungu aling'oa mwiba wake mmoja, akaanza alfajiri kupaka unga huo ua baada ya ua. Jua lilipokolea, maua yakafumba. Alikuwa amefikia thelathini tu, na shamba lote lilikuwa bado.

"Wale wadogo walimaliza hili kila asubuhi?" aliuliza taratibu.

"Na langu pia," alisema Kobe.

Siku ya tatu nyuki mmoja alitua kwenye ua. Nungunungu, na miba yake yote, alisimama palepale akabana pumzi, asije akamtisha.