Jikoni, Kituo cha Tatu

Meya alinikabidhi mpira wa besiboli niurushe kufungua mchezo, mbele ya kamera, uwanja ukiadhimisha miaka sitini.

"Bibi Eulalia, rusha tu. Hata mpira ukidondoka hapo miguuni, watakushangilia."

"Uchaguzi lini?"

"Mwezi ujao, bibi yangu," akasema, meno yote nje.

Walipotuhamisha kutoka hapa walisema wanatujengea nyumba bora. Wakajenga uwanja. Polisi wanne walimbeba mama yangu mikono na miguu, maharage yake yakibaki motoni. Leo kwenye historia iliyosomwa, baada ya mabingwa na vikombe, tuliitwa "majirani wa zamani".

Karibu na kituo cha tatu, kati ya vile vinne wanavyovikimbilia wachezaji, mfanyakazi alikuwa akinyunyizia udongo maji ili vumbi lisiwarukie wachezaji. Niliijua harufu ile. Mama alinyunyiza sakafu yetu ya udongo hivyo hivyo kila asubuhi kabla ya kufagia, na ole wako ukanyage kabla hapajakauka.

Nikatazama kilima kilichobaki nyuma ya majukwaa, kile tulichokuwa tukikiona dirishani mwa jikoni. Nikapima kwa macho. Ni hapo hapo.

Sikurusha mpira. Niliuendea ule udongo, nikavua viatu, nikasimama ukingoni.

Meya akanifuata mbio na kipaza sauti chake. "Bibi, umepotea! Tunarushia kule!" Viatu vyake vinavyong'aa vikazama kwenye udongo mbichi.

Nikamshika mkono, nikakivuta kipaza sauti mdomoni kwangu.

"Toka jikoni kwa mama yangu. Sakafu haijakauka."