Mguu Uliojibu Maombi

Mguu wa kulia wa Elsie uliruka chini ya leso, na akina mama wa kanisa waliojaa sebuleni wakakatiza wimbo.

Ukaruka tena. Vidole vikajikunja.

"Nyasaye, Mungu wangu," mama yake alinong'ona, akapiga magoti na kuukumbatia mguu. Tangu ajali iliyovunja uti wa mgongo wa Elsie, miguu hiyo ilikuwa imelala kama mzigo wa mtu mwingine. Sasa vigelegele vilisikika mtaa mzima wa Nyalenda.

Elsie hakucheka. Baridi ilikuwa inampanda shingoni.

Juzi hospitalini walimwingizia mpira wa mkojo kumpima kibofu, kisha muuguzi akampa vidonge vya kuzuia maambukizi. "Meza zote, na unywe maji mengi," alimwambia. "Wewe hutasikia uchungu. Lakini miguu ikianza kurukaruka na usikie baridi, ujue kibofu imeshaingia ugonjwa. Usilale nayo nyumbani."

Vidonge vilikuwa bado kabatini. Akina mama walikuja na mfungo wao, naye akafunga pamoja nao: bila chakula, bila maji, bila dawa.

"Simama, nyathina, mwanangu," mama yake alisema. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye vidole ambavyo havikuyahisi. "Mungu amekujibu. Simama."

Mguu ukaruka mara nyingine, na wimbo ukaanza upya, juu zaidi.

"Mama," Elsie alisema. Ilibidi arudie. "Mama, achilia mguu. Niletee maji."