Keki ya Ariane

Mzee Shaukat alirudisha kipande chake cha keki kwenye sahani pale Gaspard alipombeba bintiye juu na kutangaza, "Huyu na Bizari ni pacha! Mama yake yuko hospitali anajifungua, mimi niko bandani na Bizari naye anatoka. Saa ile ile!"

Wageni wakacheka. Mzee Shaukat alikuwa akiyasoma upya maandishi ya krimu juu ya keki: Ariane, miaka 3, Desemba 31, 1995.

Loo!

Bizari alikuwa farasi wake, wa kwanza na wa mwisho, maana duka lake la viungo haliwezi kulisha farasi wawili. Gaspard alikuwa mtunzaji wake. Kiangazi kijacho Bizari angekimbia Queen's Plate, mbio za kila mwaka tangu 1860, za farasi wa miaka mitatu tu. Farasi hupata nafasi hiyo mara moja. Ikimpita, basi tena. Mzee Shaukat alikuwa akiiota siku hiyo tangu alipohamia Toronto.

Shida ni kwamba farasi wote wa mbio huongezewa mwaka Januari mosi, hata aliyezaliwa jana yake. Bizari aliandikishwa Januari mosi 1993. Kama kweli ni pacha wa Ariane, basi kesho anatimiza minne, na mbio amezikosa.

Na usiku ule bandani alikuwamo Gaspard peke yake. Ndiye aliyepiga simu: "Dume, mzee, na ameuwahi mwaka mpya!" Mzee Shaukat akashukuru Mungu, akatia saini fomu bila kuuliza.

Sasa akamvuta Gaspard jikoni. Dative, mke wa Gaspard, alikuwa anaosha sahani. Pembeni yake keki ya pili, kubwa zaidi, ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa.

"Hiyo ya nani?" mzee akauliza, ili apate pa kuanzia.

"Ya kesho, ya sisi watano tuliobaki," Gaspard akasema. "Mimi, mama, Dative na vijana wawili. Karani wa kambi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, alituandikia wote Januari mosi, akafunga daftari akaenda kula."

Mzee hakutabasamu. "Gaspard, ulinidanganya ili nifurahi?"

"Nini tena, mzee?"

"Bizari! Kama alizaliwa na Ariane, mimi nimesaini uongo. Ofisi ikifunguliwa tu, namwondoa mbioni. Nitalia, nakwambia. Lakini siibi."

"Mzee, haki ya Mungu, tarehe ya Bizari ni ya kweli."

"Basi ile keki inasema nini?"

Gaspard akamtazama mkewe. Dative aliendelea kusugua sahani ile ile, ambayo ilikuwa imetakata zamani.

"Mama Ariane," Gaspard akasema polepole, "hapa ilipofika, mwonyeshe."

Dative akafuta mikono. Akafungua droo ya vijiko, akatoa bahasha iliyolala chini kabisa, akamkabidhi mzee cheti cha kuzaliwa cha Ariane. Mzee akavaa miwani.

Januari 1, 1993.

"Nyumba nzima tumeandikwa Januari mosi kama farasi wako, mzee," Dative akasema. "Huyu mmoja nimemtafutia siku ya kwake."