Namba Sita wa Bondeni

Timu ya Bondeni ilipofungwa mabao manne, mashabiki wake walikusanyika kwenye tawi la klabu kunywa kahawa na kugawa lawama. Nguchiro, ambaye hakuna asilolijua, alipanda juu ya benchi.

"Kila msimu tunasajili washambuliaji," alisema. "Swala watatu, na juzi wameongeza palahala. Namba sita je? Nani anakaba pale katikati?"

"Mimi nimelisema hilo siku zote," akadakia Kanga, ambaye hukubaliana na yeyote aliyesema mwisho.

"Tunataka mnyama mgumu, asiyeogopa kuumia, asiyetafuta sifa," aliendelea Nguchiro.

Ngiri, muuza kahawa wao, alichechemea hadi kwenye benchi akamjazia kikombe. "Mlikuwa naye misimu mitano, bwana Nguchiro. Ni mimi. Mlinizomea mpaka nikaacha."

Nguchiro alimtazama kuanzia pembe hadi goti lililovimba. "Ulifunga mabao mangapi?"

"Sikufunga. Nilikuwa nakaba."

"Ndiyo maana sikukumbuki," alisema Nguchiro, akapuliza kahawa yake, kisha akawageukia wenzake na kuendelea kudai namba sita.