Salamu za Kusimama

Siku hizi mgonjwa asiyepona hazikwi; anagandishwa, anakaa nyumbani kwake mpaka dawa ipatikane. Basi Mzee Rwegasira alikuwa sebuleni, ndani ya tangi refu la chuma, na mkewe Kemilembe alikuwa akimwongezea naitrojeni kimiminika, baridi kuliko barafu, glovu nene mikononi na dirisha wazi. Ukungu mweupe ulimwagika, ukatanda sakafuni.

Asimwe, mkaza mwana wao, akaingia na mimba yake changa. Kwa adabu ya Kihaya akapiga magoti, akainamisha kichwa kumwamkia baba mkwe. Hakuinuka.

Kemilembe alimkokota hadi uani, akampepea kwa pindo la kanga mpaka akavuta pumzi.

“Huyu tunamwamkia wima, mwanangu. Hewa hii haina harufu, inalala chini, na inafukuza ile tunayoivuta.”

“Ataniona sina adabu.”

“Akiamka nitamjibu mimi.”

“Sikuumia, mama. Ilikuwa kama nabembelezwa nilale.”

Kemilembe aligeuka kuutazama ukungu uliobaki miguuni pa mumewe, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili kama anayejizuia kuingia, akangoja uishe.